Rangi Haimfanyi Mtu Mjinga Wala Mwizi

Twasikia mara nyingi, tena vinywani mwa watu waliosoma, maneno ya namna hii: rangi fulani wamezaliwa na akili ya vitabu, kabila fulani ni wezi kwa asili, watu wa pwani hawapendi shule. Wasemao hivyo hututolea hesabu: tazameni madarasa, tazameni magereza. Hesabu hatuzikatai. Twauliza tu zimetokana na nini.

Tuanze na shule. Mwaka 1892 Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga. Vijana wa pwani walisoma humo, wakawa makarani, walimu na maakida, hata huko bara. Siku hizo aliyeitwa mshenzi ni mtu wa bara. Waingereza walipoishika nchi, shule nyingi zilizosaidiwa na serikali zikawa za misioni, nazo zilistawi hasa Kilimanjaro na Bukoba. Wazazi wengi Waislamu wa pwani walisita kuwapeleka watoto wao katika shule hizo, wakihofia dini yao; na shule za serikali zilikuwa chache. Vijana wa pwani wakaachwa nyuma, na papo hapo ikazuka habari kwamba mtu wa pwani ni mvivu wa kusoma. Je, damu ya Tanga ilibadilika kati ya 1905 na 1955? Kilichobadilika ni mahali pa shule na mlango wake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa rangi pia. Hadi mwisho wa 1961 shule za Tanganyika zilitengwa: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na mtoto wa Kiafrika ndiye aliyetumiwa fedha kidogo kuliko wote. Utengano huo ulikomeshwa Januari 1962. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alieleza kwamba mwaka 1961 kidato cha sita kilikuwa na wanafunzi 176 tu. Miaka sita baadaye walikuwa 830. Akili haizaliwi upya katika miaka sita. Viti viliongezwa.

Na magereza je? Chini ya Waingereza, Mwafrika aliyeshindwa kulipa kodi ya kichwa aliweza kufungwa. Sheria ya mwaka 1923 juu ya mabwana na watumishi wenyeji ilimfanya manamba aliyetoroka shamba la mkonge kuwa mhalifu. Mzungu aliyeiacha kazi yake hakuguswa na sheria hiyo. Hata Marekani, sheria ya mwaka 1986 iliweka kifungo kimoja kwa gramu 5 za kokeini ya mawe na kwa gramu 500 za kokeini ya unga, na waliofungwa kwa ile ya mawe wengi mno walikuwa weusi. Tofauti hiyo ilipunguzwa mwaka 2010. Basi daftari la gereza halionyeshi mioyo ya watu peke yake. Laonyesha pia mkono wa aliyeitunga sheria.

Lakini tusikosee. Kueleza chanzo si kufuta hatia. Katika kambi zile zile za mkonge, wenye dhiki ile ile, wengi hawakuiba hata senti moja. Aibaye amechagua kuiba. Naye mzazi wa leo amnyimaye mtoto wake shule asiwasingizie Waingereza.

Hapa ndipo ubaya wa neno lile "kwa asili" unapoonekana wazi. Ikiwa mtu huiba kwa sababu ya damu yake, basi hana dhambi, kwa maana hakuweza kufanya vingine. Na jirani yake mwaminifu hana sifa. Neno hilo lamwondolea mwovu hatia na mwema heshima, kisha lamwachia hakimu chuki tupu.

Wazazi na walimu, chungeni ndimi zenu. Mtoto aambiwaye kila siku kwamba kwao hawasomi, mwishowe hulifunga daftari lake. Tukiona darasa lina watoto wachache wa upande fulani, tusiulize wao ni watu gani. Tuulize shule iko umbali gani, ada ni kiasi gani, na nani aliwaambia hawaiwezi.