Tulikuwa Tunaomba Mtoto Arudi kwa Nani?

Kwa wiki tatu kesha yetu ya Ijumaa imeombea ndugu na dada wa hapa kanisani walioondolewa mtoto (wamenikubalia niandike). Walimlea karibu miaka miwili, wakijiandaa kumwasili. Kisha nyanya yake mzazi akapatikana, afisa wa watoto akaja, mtoto akaenda. Mimi mwenyewe nilishika maikrofoni nikaomba arudishwe "nyumbani."

Jumanne shosho huyo alikuja ofisini. Amesikia kanisa linaomba ashindwe. Aliniuliza swali moja tu: "Pasta, kwani mimi nimeiba?"

Nilisomea biashara, na kichwa changu hupenda hesabu. Karo, hospitali, usiku bila usingizi: aliyetoa zaidi apewe. Lakini mtoto si hisa. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 ilinifundisha kitu ambacho sikuwa nimehubiri. Mlezi ana wajibu wa kumtunza mtoto, lakini kabla korti haijatoa amri ya kuasili, mtoto bado ni wa ukoo wake. Jamaa anaweza kwenda kortini kuomba ulezi, hata kumwasili. Si ati damu peke yake inatosha. Katiba, kifungu cha 53, inaweka maslahi ya mtoto mbele ya yetu sisi sote, kwa hivyo hata hawa wetu wana la kusema: mtoto amezoea kwao, na korti inafaa ijue.

Tunapenda kuhubiri binti Farao aliyemtoa Musa majini. Dada yake Musa tunampita haraka sana. Msichana mdogo, hana uwezo wowote, amesimama mbali akikiangalia kile kikapu, kisha anathubutu kusema na binti wa mfalme. Kama kanisa letu lingekuwa pale mtoni, naogopa tungemfukuza.

Jioni nilimpigia dada yetu simu, nikamwambia shosho alikuja na alichouliza. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Nilijitayarisha kukemewa, na ningestahili. Halafu akaniuliza, sauti ya chini, kama shosho anajua mtoto halali taa ikizimwa. Nikamwambia sikuuliza. Akasema nimpe namba yake, atamwambia mwenyewe.