Ukishaamua Kuacha, Tarajia Haya

Mwanangu, kila anayenijia na jambo hili la picha za ngono huanza na swali moja: "Mzee, itachukua siku ngapi?" Nimelijibu mpaka nimechoka, na leo nalijibu tena kwa sababu umeuliza wewe. Mtaani wanasema siku 90. Vijana wameishika idadi hiyo kana kwamba imeandikwa na daktari, na wala haikutoka kwa daktari. Watafiti wa University College London waliwahi kufuatilia watu waliokuwa wakijijengea mazoea madogo ya kila siku, kama kunywa maji au kula tunda. Wengine walizoea kwa siku 18, na wengine ilikadiriwa wangehitaji siku 254. Ikiwa glasi ya maji ina mambo hayo, sembuse tabia uliyoianza ukiwa bado unavaa kaptura ya shule? Acha kuuliza siku. Uliza utakutana na nini njiani, hapo nitakuwa na la kukuambia.

Kwanza tusipeane majina mazito bila sababu. Si kila aliyetazama ni mraibu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linautambua ugonjwa wa mtu kushindwa kuzuia tabia zake za ngono. Dalili zake ni kwamba amejaribu kuacha mara nyingi akashindwa, kazi na familia zimeanza kuyumba, anaendelea hata pale ambapo haoni tena raha, na hali hiyo imedumu miezi sita au zaidi. Shirika hilohilo linasema kwamba kusutwa na dhamiri peke yake hakutoshi kumfanya mtu awe mgonjwa. Basi jipime kwa haki. Kama tatizo lako ni la kutubu, tubu uendelee na maisha. Kama ni la kushindwa kujizuia, endelea kunisikiliza.

Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwapiga picha za ubongo wanaume waliokuwa wameshindwa kujizuia. Sehemu zilizochangamka walipoonyeshwa video hizo zilifanana na zile zinazochangamka kwa waraibu wa dawa za kulevya wanapoiona dawa. Wanaume hao walitamani zaidi kuliko watu wengine, lakini si lazima kwamba walifurahia zaidi. Hilo unalijua kuliko Cambridge. Unajua ile saa nane ya usiku, simu iko chini ya shuka, mwanga umeupunguza mpaka mwisho, bando la usiku umelinunua kwa sababu ni rahisi, na sikio moja linasikiliza kama mwenzio amegeuka kitandani. Unapekua video ya ishirini, na hakuna hata moja iliyokufurahisha. Enzi zetu aliyetaka mikanda ya X ilimbidi aende kwenye kibanda cha video, na njiani akutane na jirani wa kumwamkia. Haya ilimrudisha nyumbani. Wewe kibanda unalala nacho.

Sasa tarajia wiki za mwanzo kuwa ngumu. Usingizi utakupaa, utagombana na watu kwa mambo yasiyo na maana, kichwa kitakuwa kizito na kazi haitaenda. Mateja wanaiita arosto. Yako haifiki ya heroini, lakini ipo. Na sisi huku tumeshaona kuwa mraibu anapona: tangu Hospitali ya Muhimbili ilipoanza kuwapa mateja dawa ya methadoni mwaka 2011, wapo waliokuwa wamelala vichochoroni ambao leo wanalea watoto wao. Tofauti ni kwamba wewe huna kikombe cha dawa cha kwenda kunywa kila asubuhi. Dawa yako ni kuvumilia hamu inapokuja. Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, aliwafundisha wagonjwa wake kuitazama hamu kama wimbi: linainuka, linafika kileleni, kisha linashuka lenyewe, mara nyingi kabla hata ya nusu saa. Usipigane nalo wala usilikimbie. Toka chumbani, kaa mbali na simu, hesabu pumzi zako, ulisubiri lipite.

Baada ya hapo, wengine hupatwa na jambo linalowatisha kuliko hamu yenyewe. Matamanio yote yanazimika. Mwili unalala, mke anashangaa, na kijana anaamini ameharibika moja kwa moja. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu kila nguzo ya umeme ina kibandiko cha dawa ya nguvu za kiume, na kila jioni kuna mtu wa kukushauri supu ya pweza. Supu kunywa, ni chakula. Lakini hizo chupa zisizo na jina achana nazo. Nyingine huchanganywa kwa siri na dawa za hospitali, na zinaweza kumuua anayetumia dawa za moyo. Ukimya huo wa mwili kwa wengi hupita. Usipopita, nenda hospitali upimwe sukari na presha, maana nazo husababisha hali hiyohiyo, na wewe ungebaki kulaumu picha bure.

Kisha yataanza kuibuka yale uliyokuwa unayazika. Sikuambii haya kukutisha. Mtu hatazami usiku kucha kwa miaka kwa sababu ya macho tu. Kuna msiba hukuulilia, kazi ilikosekana ukanyamaza, baba hakukusemesha, ndoa imepoa na hakuna aliyethubutu kulisema. Simu ilikuwa inakusaidia kutoyahisi. Ukiiweka chini, yote yatakuja kubisha hodi, na utadhani kuacha kumekuharibia maisha. Hakujakuharibia. Kumekuonyesha ulikofikia. Jichunge hasa ukiwa na njaa, hasira, upweke au uchovu. Katika hali hizo nne maamuzi mazuri huwa machache.

Na kuanguka kupo. Wapo wasioanguka, lakini wengi huanguka. Kosa lenyewe huwa la dakika chache. Kinachommaliza mtu ni lile neno "potelea mbali" linalofuata. Anasema, nimeshaharibu, hesabu imerudi sifuri, liwalo na liwe, na dakika kumi zinageuka wiki nzima. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukianguka, oga, lala, na asubuhi jiulize: jana ilikuwa saa ngapi, nilikuwa wapi, nilikuwa na nini moyoni? Andika. Ukirudia mara tatu saa ileile na chumba kilekile, basi umeshajua tundu linalovuja. Kujitukana hakuzibi tundu. Aibu ikizidi humrudisha mtu kulekule alikokuwa akikimbilia kuisahau.

Kama una mke, nisikilize kwa makini. Wewe unahesabu tangu siku uliyoacha. Yeye anahesabu tangu siku aliyojua. Unaweza kuwa na miezi sita ya ushindi na unataka pongezi, wakati mwenzio bado anajiuliza alikuwa na upungufu gani hata ukawapenda wasiokujua. Usimwambie "mbona nimeshaacha". Jibu maswali yake hata akiyarudia, umruhusu aione simu yako bila kununa, na usimsukume akusamehe kwa ratiba yako. Na wewe binti unayesoma haya ukidhani nazungumza na kaka zako tu, nawe ninakusemesha. Najua mzigo wako una aibu mara mbili, kwa kuwa jamii haitaki hata kusikia kwamba upo.

Wazazi wenzangu nao wana dawa yao moja: "Muozesheni atatulia." Nimewaona waliooa wakatulia mwezi mmoja. Ndoa haitibu uraibu, inaupa shahidi. Kumpa binti wa watu kazi ya kumponya mwanao bila kumwambia ni dhuluma. Dini ina nafasi yake kubwa. Mtume aliwausia vijana wasioweza kuoa wafunge, na Wakristo wana Kwaresima yao. Saumu inamfundisha mtu kwamba anaweza kuhisi hamu na asiifuate. Lakini wapo wanaosali usiku na kutazama usiku huohuo, wakitoka hapo wanaamini Mungu amewaacha. Hajawaacha. Wamekosa tu mtu wa kuwasikiliza, na sala haikuletwa ili ufiche mambo yako kwa watu wema.

Hapo ndipo penye shina la yote. Uraibu huu unaishi kwa siri. Ukiuacha sirini, utaurudia sirini, hata ukiweka programu za kuzuia na kubadilisha laini mara saba. Mficha uchi hazai. Sikuambii utangaze barazani. Sitara ni haki yako. Mtafute mtu mmoja mwenye kifua: kaka, shekhe, padri, mwalimu, rafiki asiyecheka ovyo, umwambie kwa maneno ya wazi. Hospitali za rufaa zina madaktari wa afya ya akili, na washauri nasaha wapo. Hutakuwa wa kwanza kuwaeleza haya, na hawatashtuka. Ukiona mawazo ya kujidhuru yanakujia, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo ukiwa na mtu.

Utajuaje unapona? Hutajua kwa kuhesabu. Utagundua umelala mapema bila kupanga, umekasirika ukalisema badala ya kujifungia, umemtazama mtu barabarani ukamwona kuwa ni mtu. Siku moja hamu itakuja, itapita, na utakumbuka kesho yake kwamba ilikuja. Kupona ni huko. Hakuna sherehe.

Basi fanya mambo mawili wiki hii, ukiwa bado na ari. Simu ilale ukumbini, na kama kazi yako inaruhusu, nunua simu ya kitochi iwe ndiyo ya chumbani. La pili, kabla ya Ijumaa umwambie yule mtu mmoja. La kwanza ni rahisi na wengi hulifanya. La pili ndilo wanalolikwepa, na wanaolikwepa ndio wanaorudi kwangu mwakani na swali lilelile la siku ngapi. Nakuomba usiwe mmoja wao.