Mia Moja Sitini Si Yangu

Mimi huuza vitenge kwa simu hapa Burumba. Picha naweka Facebook na WhatsApp, mteja analipa kwa M-Pesa, mzigo unapanda basi kwenda Kisumu, Nakuru hata Nairobi. Mwaka huu mauzo yamepita milioni 5. Sheria ya Kenya inasema ukifika hapo, una siku 30 za kuomba kusajiliwa kwa VAT, asilimia 16.

Rafiki akaniambia, "Dada, fungua till nyingine kwa jina la mzee wako. Kila moja ibaki chini ya milioni 5." Nakiri, wazo lilinipendeza. Kitenge cha 1,000 kikiwa 1,160, mteja si atahamia kwa jirani?

Lakini duka ni moja, anayeuza ni mimi. Majina mawili ni ya kumdanganya nani? Hiyo 160 mteja ananipa niifikishe KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ni amana. Zakayo, katika Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Heri nisianze kushika cha wenyewe.

Nimejisajili. VAT niliyolipa forodhani naikata, maana stakabadhi ninazo, kwa hiyo bei haikupanda yote. Hata hivyo wateja kadhaa wameniacha, na inauma. Ila usingizi ninao.

Mpendwa, mfukoni mwako kuna cha mtu uliyepewa ufikishe tu? Kifikishe. Barikiwa.