Chombo na Bahari Yake

Kijana mmoja wa Bagamoyo alisifika kwa kuunda vyombo vya anga katika Kerbal Space Program, mchezo wa kompyuta uliobuniwa Mexico na kutolewa rasmi ukiwa kamili mwaka 2015. Mchezo huo hufuata kanuni za fizikia: kila kipande kina uzito, kila kiungo kina kikomo cha kustahimili, na kitovu cha uzito huhama kadiri mafuta yanavyoungua.

Kijana aliunda chombo kirefu, matangi mbele, injini nyuma, na katikati kiungo chembamba. Huko juu kusiko na hewa, injini ikisukuma polepole, kilikwenda bila kutikisika. Siku moja akataka kukiteremsha kwenye sayari yenye hewa, na hakubadili kitu. "Kimeshafika mwezini," aliwaambia wenzake, "hewa itakifanya nini?" Hewa ikakigeuza ubavu, kiungo kikapinda, kikakatika.

Akaongeza nguzo za kukikaza. Nguzo zikaongeza uzito, uzito ukadai mafuta, mafuta yakadai tangi jingine, na tangi likakilemea kiungo kilekile. Kikakatika tena.

Akamwendea mjomba wake, fundi wa mashua.

"Mjomba, nimekikaza kila mahali. Mbona kinavunjika?"

"Mwanangu, ulikiunda kiende wapi?"

"Kule juu, kusiko na hewa."

"Basi chombo hakina kosa. Kosa ni la aliyekileta huku."

Mjomba akamweleza kuwa yeye halazi mkuku kabla ya kumuuliza mwenye mashua maswali mawili: itakwenda wapi, na itabeba nini? Mashua ya kuvua karibu na pwani si sawa na ya kuvuka hadi Unguja na shehena. Majibu ndiyo huamua unene wa mkuku, nafasi kati ya taruma na taruma, na kina cha ngama. Kisha akamkumbusha habari ya boti ya Skagit.

Boti hiyo iliundwa Marekani mwaka 1989 ili kuvusha abiria kutoka Seattle, ndani ya Puget Sound, maji yaliyokingwa na nchi kavu pande nyingi. Huko ilibeba abiria 250. Mwaka 2011 iliuzwa, ikaletwa kufanya safari za Dar es Salaam na Unguja. Tarehe 18 Julai 2012 iliondoka Dar es Salaam na watu wapatao 290. Julai ni mwezi wa kusi, na mkondo wa Zanzibar haukukingwa kama Puget Sound. Ilipigwa na upepo na mawimbi, ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe. Waliookolewa walikuwa takriban nusu.

Boti iliyofanya kazi miaka mingi kwenye maji matulivu huonekana imeshajithibitisha, lakini imejithibitisha kwa maji yale tu. Watu wakizidi, hasa wakikaa juu, kitovu cha uzito hupanda, na nguvu ya boti kujirudisha wima hupungua. Ikilala upande mmoja na abiria wakasogea huko, uzito wao huzidi kuilaza. Nahodha hodari hawezi kuongeza kwa usukani uthabiti ambao umbo la boti halina.

Kijana aliacha kukikaza chombo chake. Akaunda viwili: kimoja cha kubaki juu, kingine kifupi na kipana cha kushukia.

Funzo ni hili: uimara wa chombo una mipaka, na mipaka hiyo huwekwa na kazi kilichoundiwa. Ukibadili bahari yake au ukizidisha mzigo wake, umepata chombo kipya ambacho hakuna fundi aliyekipima. Mnunuzi wa boti kuukuu aulize iliundiwa maji gani kabla ya kuuliza bei. Mkaguzi aipime kwa mawimbi ya kusi. Nasi abiria, tukiona boti imejaa na watu wangali wanapanda, tushuke, hata kama nauli tumeshalipa.