Ukuu wa Mji Mkuu

Mji hupata ukuu kwa kitu gani? Wengi watajibu: kwa wingi wa watu, kwa urefu wa majengo, au kwa kuwa serikali imekaa hapo. Hebu tulipime jibu hilo tukiwa huku Kigoma, mwisho wa reli.

Wajerumani waliifanya Dar es Salaam makao yao makuu mwaka 1891, kwa kuwa macho yao yalielekea baharini. Reli waliyoijenga kutoka huko ilifika Kigoma mwaka 1914, na kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha mali ya bara hadi pwani. Mwaka 1973 Taifa letu liliamua kuhamishia makao makuu Dodoma, katikati ya nchi, ili serikali iwe karibu na wananchi wa pande zote. Uamuzi huo ulichukua miaka mingi kutimizwa. Sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ilipitishwa mwaka 2018.

Hata hivyo, kuwa katikati si kuwa na haki. Ujiji inatufundisha jambo hilo. Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa kitovu: chumvi ya Uvinza, mawese, pembe za ndovu na mitumbwi ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, vyote vilikutana hapo. Lakini pamoja na bidhaa hizo waliuzwa wanadamu. Njia nyingi ziliingia Ujiji, na wako walioingia wamefungwa minyororo. Basi mji waweza kuwa kitovu ukawa dhalimu, ukavuta vya pembezoni usirudishe kitu.

Wahenga walisema, mkubwa ni jalala. Aliyepewa ukuu amepewa mzigo wa kupokea shida za watu wote, wala hana ruhusa ya kuchagua za kupokea. Lililo kweli kwa mtu ni kweli kwa mji. Kwa hiyo kipimo cha Dodoma hakimo katika upana wa barabara zake, bali kimo kwa mvuvi wa dagaa wa Kibirizi: neno lake likifika huko, je, husikilizwa sawa na la yule akaaye jirani na wizara?

Nanyi wanafunzi, baadhi yenu mtapewa viti katika mji huo. Mkae humo mkijua kwamba viti hivyo vimebebwa na watu msiowaona.