Aibu ya Mgonjwa ni Mzigo wa Nani?

Tuweke mfano. Mkulima mmoja wa Rangwi, huko juu Usambara, mwenye mke na watoto, amekuwa akiona damu katika haja kubwa kwa miezi mingi. Alidhani ni bawasiri, akanywa dawa za mitishamba. Hatimaye amefika Lushoto, akapelekwa mbele hospitali kubwa, na huko ameambiwa: una saratani ya utumbo mpana, chini kabisa, yafaa sehemu ile ikatwe, lakini baadaye haja yako itapitia tundu tumboni, nawe utavaa mfuko maisha yako yote. Amefikiri usiku kucha, na asubuhi amejibu: “Heri nife nikiwa mtu kamili.” Je, amekosa?

Wako watakaojibu upesi kwamba amekosa, kwa kuwa uhai ni amana ya Mungu. Jibu hilo ni la kweli, ila ni fupi mno. Baba Mtakatifu Pius XII, aliposema na madaktari tarehe 24 Novemba 1957, alifundisha kwamba mtu hupaswa kutumia njia za kawaida za kuulinda uhai, kwa kadiri ya hali ya watu, mahali na wakati. Hafungwi kuchukua mzigo uliopita kiasi. Nao wanateolojia wa zamani, walioandika kabla ya dawa ya usingizi kujulikana, walikubali kwamba hata chukizo kubwa mno laweza kumwondolea mtu wajibu wa kukatwa kiungo. Basi hatuwezi kumhukumu mtu wetu kabla ya kuupima mzigo wenyewe.

Tundu hilo lafanana na nyama ya ndani ya mdomo: jekundu, lenye unyevu, na likiguswa haliumi. Halina msuli wa kuzuia haja, ndiyo maana mfuko wahitajiwa. Mfuko humwagwa kabla haujajaa sana, ngozi ya kando huoshwa na kukaushwa vizuri, basi. Jeraha likishapona, mtu huweza kuoga, kulima, kusafiri na kuishi na mkewe. Mizigo mizito tu ajihadhari nayo, isije ikamletea ngiri. Wengine hufungwa tundu baada ya miezi. Wengine, kama huyu, hawafungwi. Shida ya kweli ni fedha. Mifuko ya kiwandani haipatikani kila mahali, tena ina bei, na wengi hujitengenezea yao kwa plastiki na vitambaa, ikavuja na kuchubua ngozi. Asiye na uwezo kwa kweli hatumlaumu hata kidogo.

Lakini mtu wetu hakutaja fedha, wala kisu. Alitaja kuwa mtu kamili. Aliliona basi la alfajiri linaloteremka kwenda Mombo, watu wamebanana, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. Aliona gulio, msiba, benchi la kanisa, na jirani akishika pua. Aliyemwogopa ni sisi. Hapo swali lageuka: mzigo uliomshinda hakuufanya daktari, tumeufanya sisi kwa macho yetu, kwa vicheko, na kwa yale yasemwayo kisimani. Nao ukiwa ndio uliomwondolea wajibu wa kutibiwa, ni nani basi aliyemwondolea uhai? Neno hili ni kali. Tumetafuta lililo pole zaidi, hatukulipata.

Mtu atasema, uchafu ni uchafu. Lakini kila aingiaye kanisani amebeba uchafu uo huo tumboni mwake. Tofauti ni ngozi tu. Haya ni fadhila, na mwenye mfuko ana haki ya kujisitiri asiulizwe neno. Aibu ni kitu kingine: ni hukumu, na hukumu hufuata kosa. Papa Yohane Paulo II alipopigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, madaktari wa Roma walimfanyia tundu kama hili, akaishi nalo hadi lilipofungwa tarehe 5 Agosti mwaka ule ule. Alipokuja Tanzania mwezi wa Septemba 1990, watu walisukumana ili wamkaribie.

Huko Denmark, mwaka 1954, muuguzi Elise Sørensen alibuni mfuko wa kubandika kwenye ngozi, kwa sababu nduguye Thora, mwenye tundu, hakuthubutu kutoka nje akihofu kuvuja mbele za watu. Hakumhubiria ushujaa, alimpunguzia mzigo. Rangwi hakuna kiwanda cha mifuko. Kuna sabuni na maji ya moto, vitambaa safi, pazia la kutenga pembe ya chumba, kaka awezaye kulibeba gunia la viazi hadi barabarani, na kiti cha kando ya mlango wa kanisa, ambapo mtu aweza kutoka ghafula pasipo macho yote kumfuata.