Kitufe cha Kuchorwa: Kibodi, Mtu Asiyeona na Swali la Kosa

Mtu asiyeona anapotumia kompyuta hategemei kipanya, kwa kuwa kipanya humtaka mtumiaji wake aone anakokielekeza. Hutegemea kibodi, pamoja na programu ya kusoma skrini, yaani programu inayogeuza yaliyomo katika kompyuta kuwa sauti au maandishi ya nukta nundu na kumweleza amefika wapi na mbele yake kuna nini. Kitufe cha Tab humpeleka kutoka kiungo kimoja hadi kingine, vitufe vya mishale humsomea mstari baada ya mstari, na Enter hutekeleza alichokichagua. Mara nyingi, hata hivyo, kitufe hubonyezwa na kisitokee kitu: sauti hunyamaza, au hurudia neno lile lile, au hutaja kitu kisichokubali kufunguka. Mafundi huiita hali hiyo hitilafu na hutafuta namna ya kuirekebisha, na hawakosei; lakini ndani ya hitilafu hiyo mna swali lililojadiliwa karne nyingi kabla ya kompyuta kuwapo, nalo ni iwapo kitu hustahili jina lake kwa sura yake au kwa kazi yake.

Jibu la Aristotle lilielemea upande wa kazi. Katika kitabu cha pili cha maandishi yake juu ya nafsi alieleza kwamba kuona ndiko kunakolifanya jicho kuwa jicho, hivi kwamba jicho la jiwe au la kuchorwa, hata lingefanana vipi na jicho halisi, ni jicho kwa jina tu. Ni kinaya kwamba mfano unaofaa zaidi kueleza masaibu ya msomaji asiyeona umetolewa katika jicho, lakini hoja yenyewe inakaa mahali pake. Lugha ya HTML, ambayo kwayo kurasa za mtandaoni huandikwa, ina kipengele maalumu cha kitufe cha skrini, kiitwacho button. Anayekitumia hupata bila jasho kitu kinachofikiwa kwa Tab, kinachoitikia Enter na nafasi, na kinachotangazwa na programu ya kusoma skrini kuwa ni kitufe. Watengenezaji wengi, hata hivyo, huchukua kipengele cha div, ambacho ni kisanduku kitupu kisicho na kazi yoyote, wakakipaka rangi, wakakiviringa pembe, kisha wakakiambatisha amri inayongoja mbofyo wa kipanya. Machoni pa mwenye kuona vitu hivyo viwili havitofautiani hata kidogo. Tab hukiruka hicho cha pili kana kwamba hakipo.

Hapa, lakini, mfano wa Aristotle hautoshi, na panapopungua ndipo penye maana. Jicho la jiwe halimwonei yeyote, ilhali kitufe hicho cha kuchorwa hufanya kazi barabara mkononi mwa mwenye kipanya. Haitoshi basi kusema kwamba kitu ni kile kinachokifanya. Sharti iulizwe pia kinamfanyia nani. Kitufe kinachofungua fomu ya maombi ya kazi kwa baadhi ya waombaji na kuwafungia wengine si kitufe kwa namna ile ile kwa wote, na aliyekitoa kwa umma kwa jina hilo amewaahidi wote jambo alilowatimizia wachache.

Pingamizi la kawaida ni kwamba ukurasa kwa asili yake ni kitu cha kutazamwa, na kwamba sauti ni tafsiri tu inayotolewa kwa hisani, ambayo haina budi kupungukiwa. Historia inaweza kuonekana kuliunga mkono. Programu za mwanzo, kama ile iliyobuniwa na Jim Thatcher katika kampuni ya IBM mwaka 1986, au JAWS iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Ted Henter, ambaye mwenyewe alikuwa amepoteza uwezo wa kuona, zilifanya kazi na skrini zilizohifadhi herufi tupu, kwa hiyo kusoma skrini kulikuwa kusoma kweli. Zilipokuja skrini za michoro na madirisha, herufi ziligeuka kuwa nukta za rangi zisizosomeka moja kwa moja, na ikabidi itafutwe njia nyingine. Siku hizi kivinjari huchukua msimbo wa ukurasa na kuutolea mazao mawili: picha inayoonekana, na mti wa ufikivu, yaani orodha yenye matawi inayoeleza kila kipengele ni nini, kinaitwaje na kiko katika hali gani. Programu kama NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia na inayotolewa bure, husoma mti huo. Picha, kwa hiyo, si asili ambayo sauti ni nakala yake. Zote mbili ni mazao ya msimbo mmoja, na hakuna aliyepata kuuona ukurasa wenyewe. Ni kweli kwamba ramani au picha ya uso wa mtu hupoteza mengi inaposemwa, lakini kitufe cha kutuma fomu hakipotezi chochote.

Si kila ukimya hutokana na ukurasa mbovu. Programu hizi zina hali mbili za kufanya kazi. Katika hali ya kuvinjari, herufi za kibodi huwa amri za programu yenyewe: katika NVDA, H humpeleka msomaji kwenye kichwa cha habari kinachofuata, K kwenye kiungo, B kwenye kitufe cha skrini. Katika hali ya fokasi, ambamo fokasi ni mahali ambapo kibodi inafanya kazi kwa wakati huo, herufi hupita moja kwa moja hadi kwenye ukurasa ili mtu aweze kuandika. Kwa kawaida NVDA hubadilisha hali yenyewe mtu anapoingia kwenye kisanduku cha maandishi, na Insert pamoja na nafasi hubadilisha kwa mkono. Lakini ukurasa uliojitangaza katika msimbo wake kuwa ni programu kamili huiondoa NVDA katika hali ya kuvinjari, na msomaji anayebonyeza H asisikie kichwa chochote hudhani kompyuta yake imekufa. Kitufe kimoja kina wadai wawili, na kila mdai yuko ndani ya haki yake.

Njia ya kuwaamua wadai hao ilielezwa na John Stuart Mill katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alipofafanua mbinu ya tofauti: matukio mawili yanayolingana katika yote isipokuwa jambo moja, likatokea tokeo katika moja na lisitokee katika jingine, huonyesha kwamba jambo hilo lina mkono katika sababu. Mtumiaji hubadilisha hali kwanza. Kisha huiwasha programu upya bila viongezi vyake. Kisha hujaribu kivinjari kingine. Mwishowe programu huzimwa kabisa, na mwenye kuona hutazama kama Tab pekee inakifikia kitufe kinachotafutwa. Isipokifikia, kosa liko kwenye ukurasa. Ikikifikia, uchunguzi unarudi kwenye programu na hali zake. Anayebadilisha mawili kwa pamoja ni kama mgonjwa aliyemeza dawa mbili, ambaye hata akipona hajui ni ipi iliyomponya.

Mbinu hiyo, hata hivyo, hudhani kwamba mtu anajua kuna kitu kinachokosekana, na hapo ndipo penye ugumu mkubwa kuliko wote. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno, Socrates anaulizwa mtu atakitafutaje asichokijua hata kidogo, na hata akikikuta atakitambuaje kuwa ndicho. Kitufe kisichofikiwa na Tab na kisichotajwa katika mti wa ufikivu hakiachi pengo linalosikika. Msomaji husikia ukurasa uliokamilika, mfupi kidogo tu kuliko wa wengine. Atajua kimekosekana pale tu maelezo mengine yanapokitaja, au mtu mwingine anapomwambia, au ukurasa unapokosa mantiki: fomu yenye majina na anwani isiyo na mahali pa kuituma.

Kosa hukimbilia kumwangukia asiyeona, na mazoea hayo ni ya kale. Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu mwenyewe au wazazi wake, na Yesu anayakataa majibu yote mawili. Katika Surat Abasa, sura ya 80 ya Kurani, ambayo wafasiri huihusisha na Abdullah ibn Umm Maktum, lawama haimwelekei asiyeona aliyekuja akitafuta elimu, bali namna alivyopokelewa wakati wakubwa wa Makka wakishughulikiwa. Maandiko hayo mawili hayafundishi jambo moja, lakini yote yanalitoa swali la kosa mwilini mwa asiyeona. Sheria za sasa zimefuata upande huo: kifungu cha 9 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, kinautaja ufikivu wa teknolojia ya habari kuwa wajibu wa dola, na mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti huweka katika daraja lake la chini kabisa sharti kwamba kila kazi ifanyike kwa kibodi, na sharti jingine kwamba fokasi isinaswe mahali isikoweza kutoka.

Masharti hayo hayaondoi tatizo la ushahidi. Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu cha mwaka 2007, alieleza dhuluma anayotendewa shahidi anayeaminiwa kidogo kuliko anavyostahili kwa sababu ya kundi alimo. Mtengenezaji wa tovuti anayeletewa malalamiko huenda hana dharau yoyote moyoni. Hubofya kwa kipanya, ukurasa ukafunguka, akajibu kwa dhati kwamba upande wake hakuna tatizo. Jaribio lake ni la kweli, ila limepima kitu kingine. Ushahidi aliopewa, unaotaja kitufe kilichobonyezwa, hali iliyokuwamo programu, toleo lake na maneno yaliyosikika, hauwezi kukanushwa kwa kipanya. Unaweza kukanushwa na mtu aliyeweka kipanya kando akapita kwa Tab kutoka juu ya ukurasa hadi chini, programu ya kusoma skrini ikiwa imewashwa na skrini ikiwa imezimwa.